Uani kwa Mkwe

Mimi na wifi yangu hatujawahi kupendana kwa sauti. Tumeishi nyumba moja tangu kaka yangu alipomwoa, wao vyumba vya mbele, mimi chumba cha nyuma na cherehani yangu barazani, na kama kuna siku imepita bila mmoja kumchokoza mwenzake, basi siku hiyo mmoja wetu alikuwa safarini. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namtetea. Namtetea mtu anayestahili, na katika jambo hili wifi yangu hakustahili, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema.

Kazi yake ni mbu. Kila asubuhi anavaa mabuti meusi ya mpira yanayomfika magotini, anachukua upawa wake mweupe wenye mpini mrefu na mfuko wa dawa ya chembechembe, anaingia mitaani kutafuta maji yaliyotuama. Hapiti barabarani tu. Anaingia uani kwa watu. Anachungulia mitaro, mapipa, matairi mabovu, mashimo ya vyoo yaliyoachwa wazi, anachota maji na upawa, anauinamia na kutazama. Ule weupe ndio unaomwonyesha viluwiluwi. Wa mbu wa malaria hulala sawasawa na uso wa maji, wale wengine huning'inia kichwa chini. Akiwakuta ananyunyiza dawa, anamwambia mwenye nyumba afukie au afunike, halafu anachora alama ya chaki kwenye nguzo ya geti kuonyesha kwamba hapo pamekaguliwa. Wiki inayofuata anaanza upya, maana viluwiluwi hawana subira. Ukiwaachia wiki tu, wameshaota mbawa.

Watu wanamwita Mama Madimbwi. Wanaume wanaoshinda wakicheza drafti pale kona humuuliza leo amevua samaki gani, naye huwajibu kwamba amevua mkubwa na amewaletea kichwa, maana ndicho walichopungukiwa. Hana dogo. Nimewahi kumsikia akimpa za uso askari polisi, tena askari mwenyewe yuko na sare, mbwa wake anabweka mpaka povu linamtoka, kwa sababu ya tangi la maji lisilo na mfuniko. Askari alilifunika. Mbwa naye alinyamaza, au ndivyo mtaa unavyosimulia.

Jambo linalomkera kuliko yote ni watu kudhani mbu wa malaria anatokana na uchafu. Ukimwambia mama wa nyumba kwamba uani kwake kuna viluwiluwi, anahisi umemwambia hafagii. Wifi ameshafukuzwa na fagio, ameshamwagiwa maji ya vyombo miguuni. Kila mara anaeleza yale yale, kwamba mbu huyu anapenda maji safi yanayopigwa na jua na kwamba mtu msafi kabisa anaweza kuwa naye. Watu wanaitikia, na akitoka wanaona haya vilevile. Anayajua hayo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana mimi hasira zangu hazijaisha.

Binti yake wa pekee, mwalimu wa watoto wadogo, alichumbiwa na kijana wa fundi mwashi. Watu wazuri, hatukuwa na la kusema. Baba fundi, kimya, mikono imeota sugu. Mama mpole, anatembea kama anayeogopa kuiamsha sakafu. Nyumba yao ni ya tatu kutoka msikitini ukishuka bondeni, na bonde lile liko ndani ya eneo la wifi. Kabla ya uchumba alikuwa akiingia uani kwao kama anavyoingia kwa wote, anachota, anafoka kidogo, anaondoka. Baada ya barua ya posa kujibiwa, wakawa wakwe zake. Hapo ndipo akili yangu ilipoachana na ya kwake.

Siku ya zamu ya nyumba ile nilikuwa namwona akitia gauni lake la kitenge kwenye mfuko, chini ya dawa, na viatu vya wazi. Nilimtania kwamba mbu wa bondeni wameanza kuchagua nguo. Alisema tu kwamba mtu haendi ukweni na matope. Nikadhani anachota kwanza, ndipo anajipamba na kuingia kusalimia. Mtu yeyote angedhani hivyo. Wala sikulifikiria tena, nilikuwa na nguo za sherehe za kushona, zote zinaningoja mimi.

Kumbe alikuwa anavua mabuti kule bondeni, nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli, anavaa gauni, anaficha upawa kwenye mfuko, halafu anabisha hodi mlango wa mbele kama mgeni. Anakaribishwa sebuleni. Anakalia ncha ya kochi, anakunywa soda nusu, anauliza hali za wote mmoja mmoja, anaaga. Akitoka anachora alama yake ya chaki kwenye nguzo, safi kabisa, kisha anarudi kibandani kuvaa mabuti. Uani hakufika. Wiki nenda, wiki rudi, mvua zote zile.

Nilikuja kuyajua siku niliyokwenda kumpima mama mkwe wa binti yetu nguo ya sherehe.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono ameinyoosha, mimi nazungusha utepe kifuani kwake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia muda mfupi uliopita. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwamba mkaza mwana wake, mke wa kijana wao mkubwa, amelazwa. Homa ilimpanda ghafla, malaria, na yeye ana mimba iliyokwisha kuwa kubwa. Damu imepungua mpaka ameongezewa, na madaktari wanasema mtoto wanamwangalia tu, hawaahidi kitu. Nilimpa pole. Niliacha kupima, nikamkalisha. Mlango wa kwenda uani ulikuwa umefungwa na komeo, na mbele yake wametundika pazia la maua, jambo ambalo niliona lakini sikulitia maanani.

Hodi ikapigwa. Alikuwa msimamizi wa wifi, kijana mpole anayezungumza kwa kuinamisha kichwa, na nyuma yake wifi mwenyewe, safari hii na mabuti miguuni. Kijana akaeleza kwamba hospitali inapopokea mgonjwa wa malaria inaiarifu ofisi yao, nao wanazungukia nyumba ya mgonjwa na za jirani. Akamwambia mama pole sana, akaomba aone uani.

"Uani pamechafuka, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Usijali, mama. Ndiyo kazi yetu."

Nilimtazama wifi. Sijawahi kumwona vile. Uso ulikuwa umemshuka, macho ameyapeleka kwenye vidole vya mabuti yake, na ule upawa ameushikilia kwa mikono miwili. Mama mkwe alisogeza pazia polepole, akatoa komeo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na msingi. Fundi alikuwa amechimba mitaro mirefu ya vyumba viwili, vyumba vya maharusi wetu, ili binti asije akaanza maisha kwa kubanana. Saruji ilichelewa, mvua ikawahi. Mitaro yote ilikuwa imejaa maji, safi, unaona mchanga wa chini, na jua la asubuhi limelala juu yake bila kizuizi. Kando tu, hatua chache, ndilo dirisha la chumba cha mkaza mwana.

Msimamizi alimwomba wifi upawa. Akachota mara moja, akautazama, akanisogezea hata mimi ambaye sikuomba. Ule weupe ulikuwa unacheza. Walikuwa wengi, wamelala juu ya maji kama wifi alivyotueleza siku zote, na kati yao wengine wamekwisha kujikunja, wanakaribia kuruka.

"Hawa si wa juzi," akasema taratibu. Akatembea kuzunguka nyumba hadi kwenye geti, sote tukamfuata. Pale kwenye nguzo alama za chaki zilikuwa zimepangana, moja chini ya nyingine, za zamani zimefifia kwa mvua, ya mwisho nyeupe. Akaigusa kwa kidole.

"Mama, hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Ulichota?"

Nilijua wifi akibanwa huwa mkali. Nikamngoja awe mkali. Badala yake akajibu kwa sauti ndogo ambayo hata hakuitumia siku aliyozaa.

"Sikuchota. Tangu hawa wawe wakwe zangu, sijafika uani."

Yule kijana hakufoka. Laiti angefoka, ningepata mtu wa kumkasirikia. Alimwomba radhi mama mkwe kwa niaba ya ofisi, akanyunyiza dawa mwenyewe, mtaro baada ya mtaro, huku wifi amesimama hana hata cha kushika. Kisha akamwambia abaki nyumbani mpaka atakapoitwa. Mama mkwe alirudi ndani. Mimi nilikusanya utepe wangu na daftari langu la vipimo, nikatoka na wifi. Tulipopita pale kwa wacheza drafti mmoja akauliza amevua nini leo. Hakupata jibu, na nadhani ukimya ule uliwaambia zaidi ya maneno, maana kabla ya mchana kuisha mtaa wote ulikuwa unajua.

Nyumbani alikaa kwenye kigoda na mabuti yake. Nikamvamia, siwezi kusema uongo. Nilimuuliza kama hakuwa na wenzake. Kwa nini hakumwomba mwenzake wa mtaa wa juu amchukulie nyumba ile moja, yeye akamchukulie nyingine?

"Nimlete mtu baki akakute viluwiluwi kwa mkwe wangu?" akasema. "Akatangaze?"

"Wewe si ndiye unayetuhubiria kila siku kwamba si uchafu, si aibu?"

"Ndiye mimi."

"Sasa?"

"Sasa nilikuwa nawaambia watu wengine."

Kaka yangu, fundi wa majokofu, mtu anayependa kila kitu kipate suluhisho kabla ya chakula, akaingia na lake. Akasema mbu hana anwani, anaweza kuwa ametoka popote, kwenye bustani za mboga kule bondeni, au mgonjwa aling'atwa huko kwa mama yake alikokwenda kutembea. Hakuna anayeweza kuthibitisha. Na kweli hakuna. Nilitamani wifi aikamate ile kamba.

"Mbu hana anwani," wifi akasema, "lakini nyumba ile nilipewa mimi." Akainama, akaanza kuvua mabuti.

Binti alirudi kutoka kazini macho mekundu. Wazazi wa wanafunzi wake walikuwa wamemwambia getini, kwa huruma ile ya watu wanaotaka kuona utafanyaje uso. Mchumba wake hapokei simu, yuko hospitali na kaka yake. Hakumgombeza mama yake. Alisimama mlangoni akauliza kama yote yale yalifanywa kwa ajili yake.

"Si kwa ajili yako," mama yake akamjibu. "Niliogopa wasije wakaniona mimi."

Binti aliingia chumbani. Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa inaongea kwa minong'ono. Nguo za sherehe zilikaa kwenye kamba zimefunikwa shuka, nusu zimeshonwa, na kila aliyepita barazani aliziangalia kwanza, halafu mimi. Wateja waliniuliza sherehe iko palepale? Niliwajibu waniachie kitambaa waende. Ukweli ni kwamba hatukujua. Wakwe hawakutuma mtu, hawakupiga simu. Tulisikia tu kwa watu kwamba mgonjwa ametoka hospitali, mimba bado ipo, lakini hawezi kusimama muda mrefu, na mtoto haachi kuwatia wasiwasi.

Wifi akasema tunakwenda. Hakusema twende, alisema tunakwenda. Mimi ni shangazi wa bibi harusi, kwa hiyo kisingizio sikuwa nacho. Nilivaa gauni la heshima, nikauacha ulimi wangu nyumbani, na tukashuka bondeni jua likiwa bado la asubuhi. Alipofika pale kwenye kibanda cha fundi baiskeli aliongeza mwendo, akageuza uso upande wa pili.

Mama mkwe alifungua mlango mwenyewe. Aliitikia salamu zetu zote, mpaka ya mwisho, halafu hakutuonyesha kochi. Alitupitisha moja kwa moja sebuleni, akatufungulia mlango wa nyuma. Pazia halikuwepo.

Uani kulikuwa kukavu. Mitaro yote ilikuwa imefukiwa, udongo umeshindiliwa, na baba mkwe amesimama ameegemea koleo. Vyumba vya maharusi vilikuwa chini ya udongo, na mimi kama mtu mzima nilijua kusoma jambo ambalo watu wapole hawawezi kulitamka. Nikaanza hata kufikiria zile nguo, nani atazinunua na zimekatwa kwa maungo ya mtu mwingine.

Kivulini, kwenye godoro lililotandikwa chini kando ya ukuta, alikaa mkaza mwana. Alikuwa msichana wa umbo zuri lililojaa, mimi ndiye niliyemshonea gauni la harusi yake, nilikumbuka kiuno. Sasa mabega yalikuwa yamechongoka na tumbo tu ndilo limebaki. Alitusalimia, tukampa pole, akaipokea. Viti viliwekwa. Nilikaa. Wifi hakukaa.

Alizungumza akiwa wima, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupamba kitu. Aliwaambia wakwe zake kwamba alikuwa na kazi moja katika nyumba ile na hakuifanya. Kwamba aliona haya kuingia uani kwao, akaona haya kumwambia mtu kwamba anaona haya, akachora alama za uongo. Hakusema lolote kuhusu bustani za mboga wala safari ya kwa mama. Alisema kama wanaona uchumba uvunjwe, yeye hana uso wa kuwauliza kwa nini, ila anawaomba wasimhesabie binti yake kosa hilo.

Baba mkwe alitazama koleo lake. Mama mkwe alijifuta mikono ambayo haikuwa na maji.

"Mkwe, kaa," akasema hatimaye. "Nami nina langu."

Wifi akakaa.

"Nilikuwa nakuona. Dirisha la sebule linaonyesha mpaka pale kwa fundi baiskeli. Kila ulipokuja nilikuona unavua mabuti, unajifuta miguu, unavaa gauni. Nikasema, huyu mkwe ananiheshimu kiasi hiki. Basi nami nikafunga mlango wa uani usije ukaona matope yetu. Nikatundika na pazia." Akaitazama mitaro iliyofukiwa. "Vile vidudu niliviona, mkwe. Nilivijua, wewe mwenyewe ulinionyesha zamani, kabla hatujawa ndugu. Nilisema nitamwambia fundi afukie, halafu nikasema nikimwambia ataona nimemkataza kujengea watoto. Na wewe nikaona haya kukwambia. Ulikuwa umevaa vizuri."

Kidogo nicheke, Mungu anisamehe. Wanawake wawili wazima, mmoja upande huu wa pazia na soda yake, mwingine upande huo huo akimkaribisha, na nyuma ya pazia mbu wanajilea wenyewe. Baba mkwe aliinua kichwa akamtazama mke wake kama anayemwona mara ya kwanza. Yeye hakuwa ameambiwa kitu. Alidhani maji ni maji tu, yatakauka.

Wifi alianza kulia. Mama mkwe akamsogelea akamshika mkono, naye akalia, na kila mmoja akawa anamwambia mwenzake kosa ni langu mimi, hapana ni langu mimi, wewe ulinistahi tu, hata wewe ulinistahi. Nami pua ikaanza kuniwasha, nikajikaza kisabuni. Baba mkwe akakohoa, akasema yeye ni mtu wa maneno machache. Uchumba uko palepale. Mitaro ameifukia kwa sababu ya mvua, kiangazi kikiingia atachimba upya na kujenga siku hiyo hiyo, na siku zijazo Mama Madimbwi aje na mabuti yake mpaka jikoni akitaka. Aliliweka hilo kama mzaha, mtu ambaye hajawahi kutania. Tukacheka sote, kicheko cha watu waliopona. Chai ikaletwa. Mimi tayari nilikuwa nahesabu vifungo kichwani.

Mkaza mwana alikuwa hajacheka. Sikumwangalia mpaka aliposema.

"Mmemalizana?"

Hakuliuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama bafu liko wazi. Tukageuka wote.

"Nauliza tu, mama," akamwambia wifi. "Maana mmeombana radhi ninyi kwa ninyi, na mimi nimekaa hapa."

Wifi alijaribu kuinuka aende kwake, lakini mkono wake bado ulikuwa umeshikwa na mama mkwe, akabaki ameinama nusu. Akamwambia ni kweli, mwanangu, wewe ndiye wa kwanza kuombwa, nisamehe.

"Nitasamehe," msichana akasema. "Nina swali moja kwanza. Kile chumba pale ndiko ninakolala." Akaelekeza dirisha kwa kidevu, hakuwa na nguvu ya kupoteza kwa kuinua mkono. "Kama wewe ungekuwa umeshamleta binti yako hapa, yeye ndiye analala mle, na mimba yake, na wakwe ni hawa hawa na haya ni hii hii. Ungeishia sebuleni?"

Chai ilikuwa inatoa mvuke na hakuna aliyegusa kikombe. Nilimwombea wifi yangu uongo. Mimi, ambaye kwa miaka yote hii nimemkamata kwa kila neno alilolipinda hata kidogo, nilimwomba moyoni adanganye, mara hii tu. Uongo mdogo ungetosha. Aseme haya ni ugonjwa, ilimshika tu, angeishia sebuleni hata kwa mtoto wake wa kumzaa. Baba mkwe angeitikia, mama mkwe angeitikia, mimi ningeapa. Nilimwona akitafuta. Alitazama dirisha, akatazama ule udongo mpya, akalitazama tumbo la msichana.

"Hapana," akasema. "Ningeingia siku ya kwanza."

Msichana aliitikia kwa kichwa, akavuta kanga yake mpaka kifuani na kugeukia ukutani. Na ule mkono wa mama mkwe, uliokuwa umemshika muda wote, niliuona ukimwachia, kidole baada ya kidole, ukarudi mapajani kwa mwenyewe.